Sura ya Saba: Kelele za Mlangoni

Tangu Aprili 2019, ilipotolewa picha ya pete ya rangi ya chungwa yenye kiza katikati, kuna swali ambalo watu hawajaacha kuliuliza. Wanafunzi wa sekondari huliuliza, mafundi wa simu huliuliza, na walimu wa fizikia nao huliuliza wakishakuvuta pembeni: kama shimo jeusi humeza kila kitu, hata mwanga, ile picha ilipigwaje? Na wanasayansi wakisema wanapokea mawimbi ya redio kutoka katikati ya galaksi, mawimbi hayo yanatoka wapi hasa, ikiwa huko ndani hakutoki kitu?

Swali hili ni la haki, na anayeliuliza amekwisha kuelewa nusu ya jambo lenyewe. Ni kweli kwamba ndani ya shimo jeusi hakutoki kitu. Kila kinachotufikia hutoka nje yake, karibu na mpaka. Fikiria daladala iliyosimama Kariakoo saa kumi na mbili jioni. Mlango ni mmoja na watu ni wengi. Waliokwisha kuingia huwasikii tena. Kelele zote, joto lote, kusukumana kote na ndala zilizochomoka miguuni viko pale nje, mlangoni. Tena wengi wa wanaogombania hawaingii kabisa. Wanasukumwa wakarudishwa kando. Gesi inayoanguka kuelekea shimo jeusi ina hali hiyo hiyo, na darubini za redio husikiliza vurugu za mlangoni.

Kabla ya kuendelea, tuelewane juu ya maneno mawili. Galaksi ni mkusanyiko mkubwa wa nyota, gesi na vumbi, ulioshikwa pamoja na uvutano wake wenyewe. Yetu tunaiita Njia Nyeupe, nayo ina nyota zaidi ya bilioni 100. Shimo jeusi ni mahali ambapo maada imebanwa katika nafasi ndogo mno, hata uvutano wake hauruhusu mwanga kuchomoka. Karibu kila galaksi kubwa iliyochunguzwa vizuri imeonekana kuwa na shimo jeusi kubwa katikati yake. Yetu inalo.

Sisi wa Afrika Mashariki tuna bahati katika jambo hili. Kitovu cha Njia Nyeupe kiko upande wa kundinyota la Mshale, na usiku wa Julai, ukiwa mbali na taa za mji, utaliona eneo hilo likiwa limepanda juu sana upande wa kusini. Mtu wa London huliona likiibuka kidogo tu juu ya mapaa ya nyumba, kisha linazama. Lakini hata ukiwa Mtwara penye giza zuri, jicho lako halitakiona kitovu chenyewe.

Kwa nini redio, wakati tuna macho?

Kutoka hapa hadi kitovu cha galaksi ni miakanuru 26,000 na ushei. Mwakanuru mmoja ni umbali ambao mwanga husafiri kwa mwaka mzima, yaani karibu kilomita trilioni 9.5. Umbali peke yake usingetuzuia, maana tunaona galaksi zilizo mbali zaidi ya hapo kwa mamilioni ya miakanuru. Kinachozuia ni vumbi. Kati yetu na kitovu kuna mawingu ya vumbi laini sana, na mwanga wa kawaida unaotoka huko hupungua njiani hadi kubaki kama sehemu moja tu kati ya trilioni moja.

Sasa funga madirisha ya chumba chako, teremsha mapazia, uzime taa. Redio ya mezani itaendelea kuimba kana kwamba hukufunga kitu. Mwanga na mawimbi ya redio ni ndugu wa baba mmoja: vyote ni mawimbi ya umeme na sumaku, na vyote husafiri kwa mwendo wa kilomita 300,000 kwa sekunde. Vinatofautiana kwa urefu wa wimbi, yaani umbali kutoka kilele kimoja cha wimbi hadi kilele kinachofuata. Wimbi la mwanga ni fupi kuliko sehemu ya elfu moja ya milimita, na wimbi la kituo cha FM lina kama mita tatu. Chembe za vumbi la angani ni ndogo zenyewe, ukubwa wake unakaribiana na wa wimbi la mwanga, kwa hiyo hulinasa na kulitawanya. Wimbi la redio hupita hapo bila hata kujua kwamba kuna vumbi.

Kwa sababu hiyo, habari za kitovu cha galaksi yetu zilianza kupatikana kwa redio. Eksirei na miale ya joto, ambayo wataalamu huiita infraredi, zilikuja kusaidia baadaye.

Mtu aliyetumwa kutafuta mikwaruzo

Aliyefungua mlango huu hakuwa mtaalamu wa nyota. Karl Jansky alikuwa mhandisi kijana wa Bell Telephone Laboratories nchini Marekani. Mapema miaka ya 1930 kampuni hiyo ilitaka kupitisha simu juu ya bahari ya Atlantiki kwa mawimbi mafupi ya redio, na ilitaka kujua mikwaruzo inayoharibu mazungumzo inatoka wapi. Jansky alijenga antena ya mbao na mabomba yenye urefu wa kama mita 30 huko Holmdel, New Jersey, akaiweka juu ya magurudumu ya gari la Ford ili iweze kuzungushwa, akaanza kusikiliza mawimbi ya mita 14.6.

Alipata mikwaruzo ya namna tatu. Miwili aliielewa: radi za karibu na radi za mbali. Wa tatu ulikuwa mvumo hafifu usiokatika, uliopanda na kushuka mara moja kwa siku. Mwanzoni alidhani unatoka kwenye Jua. Lakini miezi ilivyopita, kilele cha mvumo kilizidi kuachana na Jua. Kilirudi kila baada ya saa 23 na dakika 56.

Dakika nne hizo zilizopungua ndizo zilizofumbua fumbo. Dunia hujizungusha mara moja kuhusu nyota kwa saa 23 na dakika 56. Saa 24 ni mzunguko kuhusu Jua. Wakulima na manahodha wa pwani walilijua jambo hili bila saa ya mkononi: Kilimia hakichomozi wakati ule ule mwaka mzima, kila usiku hutangulia kidogo, na kwa kutangulia huko watu walipanga kulima. Chochote kinachofuata mwendo wa nyota kimo miongoni mwa nyota. Mvumo wa Jansky ulikuwa na nguvu zaidi antena ilipoelekea Mshale, kwenye kitovu cha Njia Nyeupe.

Alitangaza matokeo mwaka 1933, na tarehe 5 Mei habari hiyo ilikuwa ukurasa wa kwanza wa New York Times. Kisha ikasahaulika. Wanaastronomia wengi hawakujua wafanye nini na redio. Aliyeendelea kwa bidii ni Grote Reber, ambaye mwaka 1937 alijenga dishi la zaidi ya mita tisa nyuma ya nyumba yao huko Wheaton, Illinois, kwa fedha zake mwenyewe, na kwa miaka kadhaa akawa karibu mtu pekee duniani aliyefanya kazi hiyo. Jansky alifariki mwaka 1950 akiwa na umri wa miaka 44, kabla dunia haijatambua alichokifanya. Leo nguvu ya mawimbi ya redio kutoka angani hupimwa kwa kipimo kinachoitwa janski. Naona ni heshima iliyochelewa mno.

Mawimbi hutengenezwaje huko?

Katika mnara wa kituo chochote cha redio, umeme husukumwa juu na chini ndani ya antena. Kinachosukumwa ni elektroni, chembe ndogo sana zenye chaji ya umeme. Kanuni ni hii: elektroni ikilazimishwa kubadili mwendo au mwelekeo wake, hutoa mawimbi.

Kwenye kitovu cha galaksi hakuna mnara, lakini elektroni zipo na sumaku ipo. Gesi ikipata joto kali, atomu zake huvunjika na elektroni huachwa huru. Elektroni iliyo huru ikiingia kwenye uga wa sumaku, yaani eneo ambalo nguvu ya sumaku inafika, haiwezi kwenda moja kwa moja. Hujiviringisha kuufuata uga huo, na kwa kuwa kujiviringisha ni kubadili mwelekeo kila wakati, hutoa mawimbi bila kukoma. Elektroni hizi hukimbia karibu sawa na mwanga, ndiyo maana mawimbi yake ni mengi na yana nguvu. Mnururisho wa aina hii huitwa wa sinkrotroni, kwa jina la mashine ambayo ndani yake ulionekana kwa macho mara ya kwanza, mwaka 1947.

Shikilia jambo hili moja, maana sura yote inalitegemea: mtaalamu akipokea mawimbi ya sinkrotroni, amekwisha kujua kwamba huko yalikotoka kuna sumaku, na kuna kitu kilichozipa elektroni msukumo mkubwa mno.

Msukumo huo unatoka kwenye kuanguka. Gesi haianguki wima ndani ya shimo. Huzunguka kwanza, ikisuguana na kupata joto huku ikisogea ndani kidogo kidogo. Jua letu likiunguza haidrojeni hutoa chini ya asilimia 1 ya nishati iliyofungwa katika maada hiyo. Gesi inayozunguka na kuangukia shimo jeusi linalokula vizuri yaweza kutoa kama asilimia 10. Katika ulimwengu tunaoujua hakuna jiko linaloshinda hilo kwa muda mrefu namna hiyo.

Kwa ufupi, hadi hapa:

- Shimo jeusi halitoi kitu. Gesi iliyo nje yake ndiyo inayotoa mawimbi.
- Vumbi huzuia mwanga, na mawimbi ya redio hupenya.
- Mawimbi ya sinkrotroni ni ushahidi wa elektroni zenye kasi na wa uga wa sumaku.

Galaksi zenye fujo

Ili uelewe jinsi kitovu chetu kilivyo, itafaa kwanza utazame vingine. Mwaka 1918 Heber Curtis, akiwa katika kituo cha Lick huko California, aliona mstari wa ajabu ulionyooka ukitoka katikati ya galaksi ya M87. Hakuweza kusema ni kitu gani. Leo tunajua kwamba ni mkondo wa maada unaorushwa kutoka ukingoni mwa shimo jeusi lenye uzito wa Jua mara bilioni 6.5, na kwamba mkondo huo una urefu wa maelfu ya miakanuru.

Mwaka 1953 Roger Jennison wa Uingereza na Mrinal Das Gupta kutoka India, wakifanya kazi Jodrell Bank, walichunguza chanzo chenye nguvu sana cha redio kiitwacho Cygnus A. Walitarajia doa moja, wakapata mawili, yamekaa huku na huku. Galaksi yenyewe ilikuwa katikati ya madoa hayo. Ilichukua miaka mingi kueleweka kwamba shimo jeusi la galaksi hiyo linarusha mikondo miwili, mmoja upande huu na mwingine upande wa pili, na mikondo inapogonga gesi nyembamba iliyo nje ya galaksi hutanuka na kung'aa. Kutoka ncha hadi ncha ni zaidi ya miakanuru laki tatu, ilhali shimo linalofanya kazi hiyo yote lingeenea ndani ya mfumo wetu wa Jua.

Pwani yetu nayo ina sehemu katika hadithi hii. Tarehe 12 Desemba 1970, setilaiti ya kwanza iliyotengenezwa mahsusi kupima eksirei kutoka angani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Kwa kuwa siku hiyo Kenya ilikuwa ikiadhimisha uhuru wake, Wamarekani waliipa jina la Kiswahili: Uhuru. Ndiyo iliyopima eksirei kutoka galaksi kama Centaurus A na M87, zile zile ambazo wataalamu wa redio walikuwa wamezitambua kuwa na fujo. Vipimo viwili vya aina tofauti kabisa vikaelekeza sehemu moja.

Nukta iliyopewa alama ya nyota

Je, katikati ya Njia Nyeupe? Mvumo wa Jansky ulikuwa wa eneo pana, na ndani yake hakuna aliyeweza kutofautisha kitu kidogo. Februari 1974 Bruce Balick na Robert Brown walitumia madishi ya Green Bank, West Virginia, yaliyounganishwa kwa umbali wa kilomita 35, wakapata nukta ndogo sana, angavu, iliyotulia katikati ya vurugu zote. Baadaye Brown aliiita Sagittarius A*. Alama ya nyota aliitoa kwenye fizikia ya atomu, ambako huwekwa kando ya atomu iliyosisimka, kwa kuwa aliamini nukta hiyo ndiyo inayoisisimua gesi iliyo karibu nayo.

Uthibitisho kwamba ni shimo jeusi ulitokana na nyota. Timu za Reinhard Genzel na Andrea Ghez zilifuatilia kwa miale ya joto nyota zinazozunguka nukta ile, ikiwemo moja iitwayo S2 inayomaliza mzunguko kwa miaka 16. Ukijua nyota inakwenda kasi gani na iko umbali gani, unajua inazunguka kitu chenye uzito gani. Jibu likawa Jua mara milioni nne, katika nafasi isiyoweza kukaa kitu kingine tunachokijua. Genzel na Ghez walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2020, pamoja na Roger Penrose.

Ila shimo letu ni pole mno. Mnururisho wake wote kwa jumla ni kama wa nyota mia chache tu za aina ya Jua. Limezungukwa na gesi, lakini vipimo vya eksirei vilivyotangazwa mwaka 2013 vilionyesha kwamba gesi inayofika hadi mpakani ni chini ya asilimia 1 ya ile iliyokuwa imenaswa. Iliyobaki hutupwa nje. Ukisoma haya unaweza kudhani kitovu chetu kimekuwa kimya siku zote. Hapo ndipo Afrika Kusini inapoingia.

Karoo, Julai 2018

Nyanda kavu za Karoo, mkoa wa Northern Cape, zina watu wachache na milima inayokinga kelele za miji. Zina pia sheria, iliyopitishwa mwaka 2007, inayolinda eneo hilo dhidi ya mawimbi ya redio yatokanayo na shughuli za watu. Simu ya mkononi iliyowashwa karibu na darubini ya redio huifunika sauti ya galaksi nzima. Huko ndiko yaliko madishi 64 ya MeerKAT, kila moja na kipenyo cha mita 13.5, yote yakifanya kazi kama darubini moja. Na mahali penyewe pamekaa vizuri ajabu: kitovu cha galaksi, kinapofika juu kabisa, hupita karibu utosini.

MeerKAT ilizinduliwa tarehe 13 Julai 2018, na picha iliyoonyeshwa siku hiyo ilikuwa ya kitovu cha Njia Nyeupe. Wataalamu waliokuwa wametazama eneo hilo maisha yao yote walikiri kwamba hawajawahi kuliona hivyo. Mwaka 2022 ikatolewa picha kubwa zaidi, iliyounganishwa kutoka vipande 20 na saa 200 za kusikiliza. Ndani yake kuna:

- mabaki ya nyota zilizolipuka, yakionekana kama maganda ya duara;
- mawingu ya gesi ya moto ambamo nyota mpya zinazaliwa;
- nyuzi nyembamba zilizosimama, nyingine zikiwa na urefu wa hadi miakanuru 150;
- na Sagittarius A*, nukta angavu katika sehemu yenye msongamano mkubwa kuliko zote.

Nyuzi hizo ndizo zinazonivutia zaidi. Farhad Yusef-Zadeh na wenzake walizigundua mapema miaka ya 1980 kwa darubini ya VLA ya New Mexico, zikiwa chache. MeerKAT ilifichua karibu 1,000. Nyingine ziko peke yake, nyingine mbili mbili, nyingine zimepangana kwa nafasi zinazolingana. Mawimbi yake ni ya sinkrotroni, na kwa yale tuliyokwisha kusema, hilo lina maana kwamba ndani yake mna elektroni zinazokimbia karibu sawa na mwanga, zikiufuata uga wa sumaku. Nani aliyezisukuma?

Dalili ya jibu ilitokea Septemba 2019. Timu iliyoongozwa na Ian Heywood ilitangaza kwamba data za MeerKAT zinaonyesha viputo viwili vya redio, kimoja juu ya kitovu na kingine chini yake, vikienea kwa jumla miakanuru 1,400. Vina kiuno chembamba, na kiuno hicho kiko pale pale kwenye nukta ya Balick na Brown. Nyuzi karibu zote zimo ndani ya viputo hivyo. Umbo linaonyesha mlipuko mmoja mkubwa uliotokea miaka milioni chache iliyopita, ukasukuma gesi juu na chini, mahali ambapo upinzani ni mdogo.

Wengine wanasema shimo jeusi lilipata mlo mkubwa ghafla. Wengine wanasema ni nyota nyingi kubwa zilizozaliwa kwa wakati mmoja na kulipuka kwa kufuatana. Mimi naona hoja hizi mbili hazigombani sana kama inavyodhaniwa: gesi ikimiminika kitovuni yaweza kulisha shimo na kuzaa nyota vyote viwili. Lakini mwaka 2023 Yusef-Zadeh alieleza kundi jingine la nyuzi, fupi, za miakanuru 5 hadi 10, zisizosimama kama zile ndefu. Zimelala, na zinaelekea kwenye shimo jeusi kama zilizochorwa kutoka hapo. Hilo linaongeza uzito upande wa shimo.

Zaidi ya hapo kuna viputo vikubwa mno, vilivyogunduliwa mwaka 2010 kwa miale ya gama na setilaiti ya Fermi. Kila kimoja kina kimo cha miakanuru kama 25,000. Kitovu hiki tunachokiita pole kimewahi kutikisa galaksi nzima, na si muda mrefu uliopita kwa hesabu za anga. Wakati huo mababu wa binadamu walikuwa tayari wanatembea katika Bonde la Ufa.

Dunia nzima kuwa dishi moja

Turudi kwenye picha ya pete. Uwezo wa darubini kutofautisha vitu vidogo hutegemea mambo mawili: upana wake na urefu wa wimbi. Ukiongeza upana au ukifupisha wimbi, unaona vidogo zaidi. Kuiona pete ya shimo jeusi kulihitaji wimbi la milimita 1.3 na darubini yenye upana wa Dunia.

Darubini hiyo haijengeki, kwa hiyo mradi wa Event Horizon Telescope ulitumia vipande vyake. Aprili 2017 darubini nane, katika sehemu sita, zilisikiliza kwa wakati mmoja: Chile, Hispania, Mexico, Arizona, Hawaii na Ncha ya Kusini. Kila kituo kiliandika mawimbi pamoja na muda wake kwa saa za atomu. Data zilikuwa nyingi kuliko ambavyo intaneti ingeweza kubeba, zikasafirishwa kwa ndege katika diski hadi Massachusetts na Bonn. Diski za Ncha ya Kusini zilisubiri miezi kadhaa, kwa kuwa ndege haziendi huko wakati wa kipupwe. Kisha kompyuta zililinganisha wimbi moja lilivyofika kila kituo, na kutokana na tofauti ndogo za muda zikajenga picha.

Picha ya M87 ilitoka tarehe 10 Aprili 2019, na ya Sagittarius A* tarehe 12 Mei 2022. Watu huuliza kwa nini ya karibu ilichelewa. Shimo la M87 ni kubwa mara 1,500 hivi, na gesi yake huchukua siku nyingi kulizunguka. Hutulia ukiipiga picha. Ya kwetu huzunguka kwa muda wa dakika tu, ikibadilika huku inapigwa. Rangi ya chungwa, kwa taarifa yako, ilichaguliwa na watu. Redio haina rangi. Kiza cha katikati ndicho kivuli cha shimo, na pete ni mawimbi ya gesi yaliyopindwa na uvutano. Pete ya Sagittarius A* ina kipenyo cha kilomita milioni 60 na ushei. Ingeenea ndani ya mzingo wa Utaridi, sayari iliyo karibu zaidi na Jua.

Jambo lililonigusa kuliko picha yenyewe lilitokea katika siku hizo hizo za kusikiliza. Tarehe 11 Aprili 2017, mara baada ya mlipuko wa eksirei kuonekana kitovuni, darubini ya ALMA ya Chile ilikuwa imeelekezwa huko. Maciek Wielgus na wenzake walipochunguza data, waligundua doa la gesi ya moto likilizunguka shimo kwa dakika kama 70. Ili kumaliza safari hiyo kwa muda huo, doa lilikuwa likienda kwa asilimia 30 ya mwendo wa mwanga. Machi 2024 mradi wa Event Horizon Telescope ukaongeza picha iliyoonyesha mpangilio wa uga wa sumaku kuizunguka pete: mistari iliyojipinda kwa utaratibu, yenye nguvu. Uga wenye mpangilio wa namna hiyo ndio unaorusha mikondo katika galaksi nyingine.

Kinachotafutwa sasa

Aprili 2013, setilaiti za eksirei ziliona kitu kipya kikiwaka karibu kabisa na Sagittarius A*. Kilikuwa magneta, yaani masalia ya nyota iliyolipuka, yaliyobanwa sana na yenye sumaku kali mno, yakijizungusha mara moja kila sekunde 3.76. Darubini za redio, zikianza na ile ya Effelsberg nchini Ujerumani, zilipokea midundo yake. Kwa kupima jinsi mawimbi ya midundo hiyo yalivyozungushwa njiani, wataalamu wakagundua kwamba gesi iliyo karibu na shimo ina sumaku yenye nguvu.

Magneta hubadilika badilika, kwa hiyo si saa ya kutegemea. Kinachotakiwa ni pulsa, masalia ya aina hiyo hiyo yanayotoa midundo kwa uthabiti unaokaribia wa saa za atomu. Pulsa moja ikizunguka karibu na Sagittarius A*, midundo yake ingechelewa au kuwahi kulingana na jinsi shimo linavyokunja nafasi na wakati. Kwa hesabu hizo tungejua uzito wa shimo kwa usahihi mkubwa, na tungejua linajizungusha kwa kasi gani.

Ugumu ni kwamba gesi iliyo njiani hutandaza midundo hadi ichanganyike, hasa katika mawimbi marefu, na katika mawimbi mafupi pulsa nyingi huwa dhaifu. Inahitajika darubini yenye eneo kubwa la kupokea. Inajengwa sasa. Madishi 133 yanaongezwa kwenye yale 64 ya Karoo, yawe 197, katika mradi wa kimataifa wa SKA ambao ujenzi wake ulianza rasmi Desemba 2022. Nchi nane za Afrika zilijiunga na Afrika Kusini kuandaa wataalamu na vituo, zikiwemo Kenya, Msumbiji, Zambia na Madagaska, na Ghana imekwisha kugeuza dishi la zamani la simu za kimataifa huko Kuntunse, lenye kipenyo cha mita 32, kuwa darubini ya redio. Kutafuta pulsa kuzunguka shimo jeusi la Njia Nyeupe ni miongoni mwa kazi ambazo madishi ya Karoo yanajengewa.